Karani na Karai

Ukimwambia Karani kwamba umenunua kiwanja, hakukupongeza. Alishusha miwani mpaka ncha ya pua, akakuuliza neno moja: "Imeingia?" Alikuwa na maana kwamba waraka wa mauziano umefika kwa msajili wa hati, umepokelewa, umepewa namba, na jina lako limeandikwa katika daftari badala ya jina la aliyekuuzia. Kama bado, kwake yeye ulikuwa hujanunua kitu. Mlikuwa mmepiga soga na kupeana mikono.

Neno hilo alilitumia kwa mambo yote. Ukijifungua mtoto alikuuliza kama ameingia, yaani kama umeshamchukulia cheti cha kuzaliwa. Binti wa jirani yetu alipohamia kwa mchumba wake bila kupita kanisani, Karani alisema yule binti yuko nje ya daftari, na akasema kwa masikitiko ya kweli, kama mtu anayemwona mwenzake amesimama mvuani.

Kazi yake aliifanyia kibarazani, mbele ya duka moja la pembejeo hapa Karatu, akiwa ametazamana na barabara ya kwenda Ngorongoro. Ilikuwa kabla ya lami. Magari ya watalii yalipita mchana kutwa na kutuachia vumbi jekundu, na taipureta yake ilikuwa na vazi la kitenge nililoishonea mimi, akilivua na kulivisha mara ishirini kwa siku. Alikuwa amestaafu ofisi ya ardhi. Sasa aliwaandikia watu nyaraka za kuuziana, za kupeana zawadi, za kurithishana na za kufuta rehani, kisha akawaelekeza zipite wapi, zigongwe muhuri na nani, na zifike vipi kwa msajili. Hakuwa wakili na alinuna ukimwita wakili. Alikuwa mtu wa Upare, na kwa kuwa Wapare wanataniwa nchi nzima kwamba wanapenda kesi, sisi majirani tulimngoja aonyeshe kabila lake. Tulingoja bure. Sijapata kuona mtu anayeiogopa mahakama kama yeye. Alisema kesi ni waraka ulioandikwa vibaya ukakua.

Mimi nilikuwa jirani yake. Cherehani yangu ilikaa hatua kumi kutoka taipureta yake, nikishona sare za shule na vitambaa vya meza vya hoteli za watalii, na kwa miaka mingi tulisikilizana: mimi nikikanyaga, yeye akigonga. Nilikuwa nimetoka Marangu na mume wangu, ambaye ni dereva wa watalii, tukiwa na mtoto mmoja na mipango mingi. Ndiyo maana nilikuwa na haraka. Nilinunua kiwanja nyuma ya stendi kwa mzee mmoja Mwiraqw wa kijiji cha Endabash, Paulo Qwaray, mkulima mwenye mashamba ya mahindi na ng'ombe kadhaa. Mzee alikuwa na hati miliki halisi, jambo ambalo siku hizo halikuwa la kawaida kwetu, akiitunza katika sanduku la bati chini ya kitanda. Tukaandikiana wenyewe, bila kupitia kwa Karani. Kabla waraka haujaenda popote, nikajenga vyumba viwili.

Karani alipojua, hakunisalimia kwa siku mbili. Siku ya tatu akaniambia, "Mama Neema, umejenga nyumba nzuri sana kwenye kiwanja cha mtu."

Kwa haraka nikaupeleka waraka kwa msajili bila kumwonyesha, ukarudi. Haukukataliwa kwa ubaya, ulikataliwa kwa haki. Waraka ulisema anayeuza ni Paulo Qwaray. Hati, na daftari la msajili pia, vilisema mwenye kiwanja ni Paulo Karai. Kwa msajili hao ni watu wawili, na mmoja hawezi kuuza mali ya mwenzake. Mtu fulani, zamani, alisikia Qwaray akaandika Karai, lile lile la mafundi kubebea zege na la akina mama kufulia nguo. Mzee hakuwa na habari. Tangu alipokabidhiwa hati yake hakuwahi kuifungua, alijua tu kwamba ipo.

Karani alinieleza kwamba kuna njia mbili za kuponya jambo hilo. Ya kwanza, mzee aape mbele ya wakili kwamba majina yote mawili ni yake: mimi Paulo Qwaray, ambaye pia ninajulikana kama Paulo Karai. Ya pili, ipatikane kauli kwamba kosa lilikuwa la ofisi iliyoandika hati, na hapo lazima ajulikane aliyekosea, lini na vipi.

"Hiyo ya pili iache," aliniambia. "Watu wa siku zile wametawanyika. Twende na ya kwanza."

Nakumbuka siku hiyo alifunga kazi mapema. Alikunja hati taratibu sana, akaiangalia kona yake moja, akavisha taipureta nguo yake na kwenda nyumbani. Nilidhani kichwa kinamuuma.

Mzee alikataa kuapa. Hakuwa mtu wa ugomvi, alikuwa muungwana, alitukaribisha chai ya maziwa na kutuuliza habari za nyumbani mpaka zikaisha. Lakini kuapa kwamba anajulikana kama Karai, hapana. "Nani ananijua hivyo?" alimuuliza Karani. "Mlete mmoja. Hata mmoja. Mimi nimezaliwa na mtu, sikununuliwa dukani. Nikikubali leo kwamba mimi ni karai, wajukuu zangu mtawaandika ndoo na sufuria."

Basi nikabaki hivyo, na nyumba juu ya kiwanja ambacho daftarini hakikuwa changu. Mzee alikuwa mtu wa umri. Kama angefariki kabla jambo halijanyooka, ningelazimika kuanza upya na warithi wake, watoto tisa wa wake wawili, baadhi yao hata sijawahi kuwaona. Kila niliposikia kengele ya kanisa ikilia siku isiyo Jumapili, nilisimamisha cherehani na kuuliza ni msiba wa nani.

Lakini nisimfanye Karani aonekane mtu wa jambo hilo moja. Alikuwa na mengi.

Alikuwa na desturi ya kutoandika jina kwa kusikia. Uwe mwalimu, uwe padri, alikupa kipande cha karatasi na penseli, akasema, "Jina la mtu halisikilizwi, linaonwa. Andika." Kwa asiyejua kuandika, aliagiza cheti cha ubatizo au mtoto mwenye daftari la shule. Watu walimwona msumbufu. Hapa kwetu majina yana herufi ambazo sisi wageni wa Kilimanjaro tunazikimbia, na mtu mmoja anaweza kuwa na jina la ubatizo, jina la nyumbani na jina la babu, na kila ofisi ikachukua lile iliyopenda. Karani aliyapanga yote mezani kama karanga, akachagua lile la kwenye hati, ndipo akagonga.

Desturi ya pili ilikuwa ya wake. Kabla sheria haijaanza kuuliza ridhaa ya mke, yeye alikuwa anaiuliza. Mwanamume akija kuuza, Karani alimwambia arudi na mwenzake, kisha akamchukua yule mama pembeni, karibu na cherehani yangu, akamuuliza kwa sauti ya chini kama ameridhika. Siku moja alikuja bwana mmoja na mwanamke aliyejifunga kanga vizuri, mwenye adabu, anayeitikia kila kitu. Karani akamuuliza, "Huyu ng'ombe mnayemkamua sasa, mnamwitaje?" Mama akamtazama bwana. Karani akasema, "Usimwangalie yeye, hakamui yeye." Mama akajikuna shingo, akataja jina. Karani akaenda kumuuliza bwana, naye akataja jina jingine kabisa. Alikuwa dada yake. Mke halisi alikuwa shambani, hajui lolote. Wiki ile ile mke halisi alikuja na kibuyu cha maziwa mgando, akakiweka juu ya meza ya Karani, akaondoka bila kusema neno. Karani hakunywa maziwa mgando, yalimgeuza tumbo. Niliyanywa mimi, na kibuyu akakirudisha mwenyewe kwa miguu.

Alikuwapo pia mfugaji mmoja wa Arash, Mmasai mrefu mwenye upole, aliyenunua kiwanja mjini ili wanawe wakae karibu na shule. Alipoambiwa kwamba hati yake itabaki kwa msajili wiki kadhaa, alishtuka. "Na huko nani anaichunga?" aliuliza. Tuliokuwapo tulicheka. Karani hakucheka. Alimwonyesha namba ya mapokezi kwenye stakabadhi, akamweleza kwamba hiyo ni kama alama ya sikio, hata ikichanganyika na hati za watu elfu itajulikana ni ya nani. Yule bwana akaitazama namba, akaikariri, akaridhika. Kila alipoteremka Karatu alipita kibarazani, akasalimia, akauliza habari za watoto, kisha, "Na hati, haijambo?" Karani akajibu, "Haijambo. Bado inakula." Siku ilipotoka, wawili hao walishikana mikono muda mrefu, na nikaona Karani amefurahi kuliko mwenye mali.

Haya ndiyo niliyompendea. Yako pia yaliyonikera. Alikuwa bahili wa karatasi, akiandika rasimu nyuma ya karatasi za matangazo ya mazishi, mpaka siku moja mteja akageuza ukurasa na kukutana na picha ya shangazi yake. Alikuwa mzee wa kanisa, lakini hakuviamini viapo. "Mtu akiapa," alisema, "mimi nazidi kumwangalia." Alimkemea kila mtu kwa kuchelewesha mambo, na yeye mwenyewe jino lake moja lilimsumbua miaka miwili kabla hajakubali kung'olewa. Kusema jambo gumu lilikuwa kazi kwake. Alilizunguka, akaliandikia barua, akaichana. Nilimwona mara nyingi akigonga mistari miwili mitatu, akitoa karatasi na kuikunja mfukoni. Sikuuliza. Nilijua waandishi wana mambo yao.

Na aliendelea kwenda Endabash. Miaka mitatu, kila baada ya miezi michache, alifunga kile kiapo katika mfuko wa nailoni, akavaa kofia, tukapanda gari la mnada pamoja na magunia na kuku, mimi na yeye. Mzee alitupokea. Tulikunywa chai. Walizungumza mvua, bei ya mbaazi, wanyama walioshuka kutoka msituni. Karani alikohoa, akautoa mfuko, akauweka gotini. Mzee akautazama, akasema, "Bado lile karai?" Karani akasema, "Bado, mzee." Basi likaisha. Mimi njiani nilimlaumu kwamba hasukumi. Yeye alitazama mashamba.

Kisha mzee akaugua kifua, akalazwa hospitali. Habari ilinifikia nikiwa nashona, nikashindwa kuendelea. Nilikwenda kibarazani, nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikalia mbele ya watu, mimi ambaye sikulia hata nilipofungiwa duka langu la kwanza. Nilimwambia Karani kwamba mzee akienda, nyumba yangu imekwenda. Nilimwambia kwamba Neema amekulia kwenye vyumba vile na hajui kwingine. Karani aliingiza karatasi kwenye taipureta, akagonga ukurasa mmoja bila kusimama, na safari hii hakuichana. Siku iliyofuata hakuja kazini. Wala iliyofuata. Aliporudi suruali yake ilikuwa na vumbi la safari ndefu.

"Nimetoka kwa msajili," alisema. "Mzee ameruhusiwa, yuko kwake. Kesho twende."

Hiyo ndiyo safari ninayomkumbukia. Mwezi uliofuata alihamia kwa binti yake, mbali na sisi, na sikumwona tena.

Tulimkuta mzee anaota jua mbele ya nyumba, amejifunika blanketi, amepungua mwili lakini macho yake ni yale yale. Tukaletewa vigoda na chai. Mimi nikakaa. Karani akabaki amesimama, kofia mkononi.

"Mzee, leo sikuleta kile kiapo."

"Afadhali. Nimeugua, lakini bado mimi ni mtu."

"Nimekuja kukwambia aliyekuandika Karai ni nani."

Mzee akangoja.

"Ni mimi."

Kuku walikuwa wanachakura chini ya ghala la mahindi, na kwa muda ndio peke yao waliokuwa na la kufanya.

"Ulikuja dirishani asubuhi, watu wamejaa nyuma yako," Karani alisema. "Nikakuuliza jina, ukalitaja. Sikulishika. Nilikuwa kijana, mgeni kazini, nimevaa tai, nikaona aibu kukuuliza mara ya pili. Nikaandika nilichosikia. Waraka wa mama huyu uliporudi, nikaona herufi zangu mbili kwenye kona ya hati, kama tulivyokuwa tunaziweka. Tangu siku hiyo ninajua."

Nilihesabu haraka. "Miaka mitatu, Karani?"

"Miaka mitatu, Mama Neema."

"Na safari zote hizi?"

"Kila safari nilikuja kusema. Nikifika, naona ni rahisi zaidi yeye aape."

Nilikasirika, sitaficha. Nilikuwa na kikombe mkononi na nilifikiria kichwa chake. Niliona kengele zote nilizozisikiliza, na usiku wote niliolala macho wazi, na yeye hatua kumi kutoka kwangu, na njia ya pili iko katika kifua chake mwenyewe. Kisha nikamtazama alivyosimama, mtu wa umri ule, hajathubutu kukaa kwenye nyumba ya mtu aliyemkosea, na hasira ikanipungukia bila ruhusa yangu. Nilikuwa nimemzoea mno.

Mzee alianza kutikisika mabega. Nilidhani ni kikohozi. Alikuwa anacheka.

"Karani," alisema, akijifuta macho kwa ncha ya blanketi. "Hebu toa herufi moja kwenye hilo lako. Hiyo N. Inabaki nini?"

Karani akafikiri, nami nikaona midomo yake ikitaja herufi moja moja. Akakaa chini mwenyewe, bila kuambiwa. Mzee akaagiza maji ya kunawa yaletwe kwenye karai, si kwenye bakuli, na akahakikisha Karani ndiye ananawa wa kwanza.

Baada ya kula, Karani akatoa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa kauli yake kwa msajili, ameshaisaini na muhuri umegongwa, inayosema kwamba yeye ndiye aliyekosea. Ya pili ilikuwa fupi, ya mzee: kwamba jina lake ni Paulo Qwaray na halijawahi kuwa jingine. Msajili alikwisha sema kwamba zikifika zote mbili, atasahihisha jina, na waraka wangu utaingia siku hiyo hiyo. Ilibaki sahihi moja.

Mzee alisoma karatasi yake polepole, herufi kwa herufi, akaikubali. Akachukua kalamu, akaiweka juu ya mstari. Akaiondoa.

"Litaje kwanza," alimwambia Karani.

"Nini, mzee?"

"Jina langu. Kuandika umejifunza. Litaje."

"Kwarai."

"Huyo simjui."

Karani akajaribu tena. Herufi ile ya kwanza inatoka chini kabisa kooni, kama mtu anayeng'oa kizibo, na koo la Karani halikuwa na kizibo mahali hapo. Mke wa mzee alitoka jikoni. Wakwe zake wawili wa kike wakasimama mlangoni. Mara ya tatu, mara ya nne, shingo imemtoka mishipa. Mara ya sita mzee akainamisha kichwa, akasema, "Huyo ni kama binamu yangu. Sogea kidogo." Mara ya nane au ya tisa kikatoka kitu chenye mkwaruzo, kizito, na wanawake mlangoni wakapiga makofi. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasaini, na Q yake akaikokota mkia mrefu mpaka nje ya mstari.

Akampa Karani karatasi. Kisha akanigeukia mimi, nami hapo ndipo nilipotambua kwamba kwa miaka yote ile nilikuwa ninamwita yule mzee, au mzee wa Endabash, basi.

"Na wewe, mama," alisema. "Kiwanja ni chako sasa. Hebu taja aliyekuuzia."

Nikaweka kikombe chini, nikasogeza kigoda changu karibu naye, nikaanza.